Hafi Mtu Kabla ya Msimu Kwisha

Ipo nchi, na anayeijua aitikie moyoni, maana kuitikia kwa sauti huko kunahitaji kibali. Nchi hiyo haikukosa kitu. Ina milima, ina mito, ina jeshi lenye bendi mbili, na ina Wizara ya Majonzi na Burudani.

Zamani watu wa huko walikuwa wakilia hovyo. Mtu akifiwa analia kwake, majirani wanakuja kulia naye, machozi yanamwagika chini, udongo unayanywa, na serikali haiambulii kitu. Ndipo Mtukufu Rais, ambaye hakuona haya kulia mbele ya runinga ilimradi wanaosumbuka ndani yake wawe wamevaa vizuri, akagundua kwamba huzuni ya wananchi ni mali inayopotea bure. Akaunda wizara. Tangu hapo msiba ukitokea mahali, ukiwa mkubwa wa kutosha, wizara inautengenezea tamthilia. Alhamisi nchi nzima inakaa, inaangalia, inalia kwa pamoja, na Ijumaa watu wanakwenda kazini wamepoa.

Mambo yakaenda vizuri. Kivuko kilipozama hakikununuliwa kingine, lakini kile cha kwenye tamthilia kilikuwa kizuri mno, cheupe, kina mapazia madirishani. Ndugu wa ng'ambo hii na ndugu wa ng'ambo ile, ambao hawakuweza tena kutembeleana, walikitazama kinavyovuka wakasema kweli safari hii serikali imejitahidi.

Bibi Nyamizi hayo yote aliyasikia juu juu. Alikaa mbali, kijijini Itundu, chini ya kilima chenye machimbo, na runinga hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni nyumba ya tofali za kuchoma, shamba la migomba nyuma yake, mwana mmoja mchimbaji aitwaye Mihayo, na mke wa huyo mwana, Kabula, aliyekuwa bado hajapata mtoto na aliyependwa na mama mkwe wake kuliko kawaida ya wakwe.

Asubuhi moja kilima kikakohoa. Ndivyo Bibi Nyamizi alivyosema kila alipoulizwa: kilikohoa mara moja tu, kama mzee anayetaka apishwe njia, kisha kikanyamaza. Mihayo na wenzake walikuwa ndani.

Kijiji kizima kilitoka. Wenye masururu walikuja na masururu, wenye majembe na majembe, na wanawake walizoa udongo kwa sufuria na mabeseni. Walichimba wakipokezana, na kila baada ya muda walinyamaza wote, wakaweka masikio chini. Mara ya mwisho waliponyamaza hivyo, kuna waliosema wamesikia kitu kikigonga.

Ndipo malori ya serikali yakafika.

Yalishusha taa kubwa kama masinia, nyaya nene kama mkono wa mtu, winchi ndefu yenye kiti huko juu kabisa, na mashine zenye jicho moja. Itundu hakuna aliyewahi kuona vitu vya namna ile. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini akaeleza kwamba hilo jicho ndilo linaloona chini ya ardhi, na hakuna aliyebisha, kwa sababu jicho la ukubwa ule lingekuwa la nini kingine? Watu wakaacha kuchimba wasizibe njia. Wanaume wakavuta nyaya, wanawake wakapiga vigelegele, na Bibi Nyamizi mwenyewe alijitwika begi la vyuma hadi mdomoni mwa shimo, akilishikilia kwa mikono miwili lisije likadondoka, maana alijua amebeba uhai wa mwanawe.

Mkubwa wa kundi lile aliitwa Bwana Dismas. Alivaa kofia, na juu ya kofia aliweka miwani. Alikuwa mpole. Aliwapa watu pole mmoja mmoja, akauliza ni nani kati ya waliomo ndani anayependwa zaidi na mama yake. Watu wakamsukuma Bibi Nyamizi mbele. Bwana Dismas akamtazama uso kwa muda mrefu, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, kisha akaomba nguo moja ya Mihayo.

Kabula alikimbia akaleta shati la bluu lenye kola iliyochakaa. Alikuwa amesikia kwamba wako mbwa wanaonusa nguo wakamfuata mtu popote alipo. Akauliza mbwa wako wapi. Bwana Dismas akamjibu kwamba wako mazoezini, wanafundishwa kusikitika.

Jioni ile wakafunga kamba kuzunguka shimo na askari akawekwa. Mtu asichimbe tena, ikatangazwa, wala asisogeze jiwe, kwa kuwa picha bado zinaendelea na mandhari ikibadilika watazamaji watachanganyikiwa. Watu wa Itundu walitii. Waliona ni sawa daktari akifika waliokuwa wanakanda wakae pembeni.

*

Alhamisi iliyofuata ukuta wa zahanati ulipakwa chokaa, tamthilia ikaonyeshwa hapo hapo. Wizara ilifanya hivyo kwa huruma yake, ili wenye msiba wasipitwe.

Bibi Nyamizi akaona kilima chake. Akaona shimo lao. Akaona mama mmoja wa mjini, kucha zake ndefu, anazimia juu ya kiti cha mahameli huku akiita Mihayo, Mihayo. Hilo halikumsumbua, kila mtu na kuzimia kwake. Kisha ikaonyeshwa ndani ya mlima. Kulikuwa na chumba kipana chenye mwanga, na katikati yake amekaa kijana mwembamba, amevaa lile shati la bluu, akisema: "Mama yangu hajalala. Najua hajalala."

Uwanja mzima ukalia. Bibi Nyamizi hakulia. Alisimama akasogea mpaka ukutani, akaweka kiganja pale palipokuwa na shavu la yule kijana.

Alijua si yeye. Masikio yale hayakuwa ya kwao. Lakini alifikiri kama afikirivyo mtu mwenye akili: kama huyu kijana anajua namna ya kukaa huko ndani, na anajua hata neno la kusema, basi wapo waliomwona wa kweli wakamwelekeza. Kesho yake akaenda kwenye hema la Bwana Dismas. Alimkuta anakunywa chai. Akakaa chini, akamsalimu, akamuulizia watoto, kisha akasema.

"Mwanangu, kama mmemwona hadi mkajua anayoyasema, mbona hamumtoi?"

Bwana Dismas aliweka kikombe. Macho yake yakalowa. Akamwomba arudie yale maneno taratibu, na msaidizi wake akayaandika. Alhamisi iliyofuata yule mama mwenye kucha akayasema, tena akiwa amepiga magoti kwenye zulia, na habari zikaja kwamba Mtukufu Rais alilia mpaka kikao cha baraza kikaahirishwa. Maneno yale yakachapishwa kwenye kanga. Bibi Nyamizi aliletewa doti moja bure.

*

Siku zikapita, zikawa nyingi, na hakuna tena aliyesema amesikia kitu kikigonga. Mbayuwayu walirudi kwenye shimo, wakajenga viota. Wazee wa ukoo wakaja nyumbani, wakakaa barazani, wakaongea kwanza habari za mvua, kisha wakasema lile walilolijia.

Huko Itundu mtu akipotea na mwili wake usipatikane, haachwi hivi hivi. Unakatwa mgomba, gogo lake linapimwa urefu wa mtu, linavishwa nguo zake, linalazwa nyumbani siku moja watu wakalia, kisha linazikwa kama mwenyewe. Baada ya hapo mama ana mahali pa kwenda kukaa. Mke ananyolewa nywele, zikiota yuko huru kushika jembe na kuwasha jiko lake. Kabla ya mazishi hashiki jembe. Si mke, si mjane, anakaa tu mkekani akipikiwa na watu, na Kabula alikuwa amekaa mkekani tangu siku ile kilima kilipokohoa, na mvua za kupandia zilikuwa zimeanza kunukia upande wa magharibi.

Bibi Nyamizi akakubali. Alikubali kwa kichwa tu, mdomo ulikataa. Akaenda kwa Mtendaji wa kijiji kutoa taarifa, kwa sababu mazishi huko yanatolewa taarifa.

Mtendaji, kijana wa kutoka wilaya nyingine, aliyekuwa na suti moja na kuitunza vizuri, akashtuka mpaka akafunga dirisha.

"Bibi, unataka kunifukuzisha kazi? Mihayo hajafa. Alhamisi iliyopita alikuwa anaimba."

"Baba, yule si Mihayo. Yule ni mtoto wa watu."

"Mimi na wewe tunajua. Lakini Mtukufu hajui, na amekataza asiambiwe. Anataka aone mwenyewe mwisho unavyokwenda. Wewe ukizika leo, kesho mtu atamwambia, halafu?"

Akamsomea sheria kwa sauti ya chini. Iliitwa Sheria ya Kulinda Mwisho. Mtu yeyote atakayezika, kunyoa, kutandika mkeka wa msiba au kulia kwa namna ya kukata tamaa, kwa ajili ya mtu ambaye habari zake bado zinaonyeshwa, huyo atakuwa amefichua mwisho, na kufichua mwisho kulikuwa pamoja na uhaini katika kifungu kimoja, ili kuokoa karatasi. Kulia kwa matumaini kuliruhusiwa. Bibi Nyamizi akauliza kulia kwa matumaini kunakuwaje. Mtendaji akamwonyesha kidogo, na alijitahidi kweli, lakini hata yeye hakuridhika.

Jambo likafika juu. Kesho yake askari wawili waliletwa kulinda migomba. Mgomba ukatangazwa kuwa mmea nyeti katika kata ile yote. Mtu akitaka kukata ndizi za kupika, anakwenda na askari, anakata mkungu, askari anahakikisha gogo limebaki limesimama.

Waziri wa Majonzi na Burudani naye akaja, maana ilionekana wananchi hawajaelimishwa. Alihutubia juu ya jukwaa lililoezekwa, na watu walikaa juani.

"Ndugu zangu wa Itundu," alisema, "ninyi hamjui mlivyobarikiwa. Ziko wilaya zinaomba msiba wenye viwango na hazipati. Wanaleta vifo vya mtu mmoja mmoja, malaria, uzazi, tunawarudisha. Ninyi kwa siku moja tu mmeliunganisha taifa. Wafungwa wanaangalia, askari magereza wanaangalia, kwenye benchi moja. Sasa nasikia kuna mama mmoja hapa anataka kuzika. Nauliza, kuzika ni kwa faida ya nani? Mama, usiwe mchoyo. Huyo mtoto si wako peke yako tena. Tumekusaidia kumpenda."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa wapigaji makofi walikuwa wamekuja na lori lao. Bibi Nyamizi alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti cha plastiki cha wageni wa heshima, kanga yake yenye maneno yake ameifunga kiunoni. Alijaribu kukumbuka ni lini hasa aliwaomba wamsaidie hilo.

*

Mawingu yakasogea. Kabula akakonda mkekani. Kila jirani alipopita na jembe begani aligeuza uso ukutani. Siku moja Bibi Nyamizi akamkuta anapapasa mpini wa jembe lake pembeni ya mlango, hakulishika, anapapasa tu.

"Mama," Kabula akasema, "kama ni mke nataka niende nikalime. Kama ni mjane nataka ninyolewe. Waambie wanichagulie lolote."

Bibi Nyamizi akavaa viatu akaenda tena kwa Bwana Dismas. Njiani alijipanga maneno, akayapangua, akayapanga. Alipofika hakuulizia watoto.

"Muueni," akasema.

Bwana Dismas hakumwelewa.

"Huyo wa kwenu. Muueni, mwanangu. Jiwe limwangukie, au maji, mnavyoona vinafaa. Akifa kwenye ukuta na Mtukufu akaona, hapo mimi nitaruhusiwa. Mimi mama yake nimekubali. Muueni Alhamisi hii, mvua isitukute."

Bwana Dismas alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Bibi Nyamizi kuliko yote, hakupata hata mmoja wa kumchukia. Alimweleza kwamba hata yeye mwanzo alitaka Mihayo afe. Aliandika hivyo. Kilikuwa kifo kizuri, chenye muziki. Lakini wananchi walitakiwa wapige kura kwa simu, na karibu wote walisema aishi. Vikundi vya kina mama vilifunga na kuomba. Kampuni ya sabuni iliyodhamini tamthilia iliandika barua kwamba mteja hanunui sabuni akiwa amekata tamaa.

"Taifa zima linamtaka hai, mama," alisema. "Nifanyeje?"

"Hata mimi namtaka hai, baba. Mimi ndiye wa kwanza."

Msaidizi akainua kalamu, Bwana Dismas akamkonyeza aishushe. Ndiyo heshima pekee aliyoweza kumfanyia.

*

Basi Mihayo akaokolewa. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa msimu. Ukutani pa zahanati mlima ulifunguka wenyewe, kijana akatoka na shati la bluu likiwa limepigwa pasi, Rais wa kwenye tamthilia akamkumbatia, na Rais wa kweli akatangaza sikukuu. Kwa kuwa wote waliona kwa macho yao, ikaandikwa serikalini kwamba wachimbaji wa Itundu walitoka salama. Shimo likajazwa zege, juu yake pakasimamishwa sanamu ya kamera.

Kuzika sasa kulikuwa kosa lingine kabisa, alieleza Mtendaji, na kubwa zaidi. Kungekuwa ni kumzika mwananchi aliye hai.

Na mwananchi aliye hai lazima arudi kwao. Wizara ikapanga apokelewe, mchana, moja kwa moja hewani, Mtukufu akiangalia. Kabula aliletewa kitenge kipya akaambiwa akivae. Hakukivaa, alikikalia, akageukia ukuta. Bibi Nyamizi akasonga ugali akapika mlenda, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Yule kijana aliitwa Elipidi. Alishuka garini akayumba. Walikuwa wamemnyima chakula wiki nyingi apate wembamba wa mtu wa shimoni, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia waanze kumpa. Alipoingia uani alipiga magoti kumsalimu bibi, na hakumtazama Kabula hata mara moja. Bibi Nyamizi akaliona hilo, akajua ametoka kwenye nyumba yenye mama.

Akamnawisha mikono. Elipidi akala. Bwana Dismas alikuwa akimpa ishara kwa mkono, aseme neno lake, neno lilikuwa fupi tu, "Mama, nimerudi," lakini kijana alikuwa na tonge mdomoni, na lingine mkononi, na macho kwenye sahani. Nchi nzima ikamsubiri ameze. Akamaliza, akapangusa mikono kwenye suruali, akamtazama mama aliyempikia.

"Mama," alisema, "mimi sikuwahi kuingia shimoni. Tulipigia picha kwenye ghala la pamba, mjini. Mihayo hakuna aliyekwenda kumtazama. Tangu siku ile hakuna."

Runingani pakatokea picha ya maua.

Uani Bibi Nyamizi alifungua mdomo, na kilio alichokuwa amekizuia tangu kilima kikohoe kikatoka chote, si cha matumaini, mpaka askari wa migomba wakavua kofia bila kuamriwa. Mtendaji alimsihi apunguze. Nyuma yake Kabula naye akaanza. Elipidi alishikwa mkono kwa adabu akaombwa apande gari, si lile alilokuja nalo, lile la nyuma yake. Aliuliza kama anaweza kunawa kwanza. Wakamwambia atanawa huko aendako.

*

Alhamisi ile ikatangazwa kwamba kuna msimu wa pili. Mwigizaji mpendwa ametoweka, taifa linamtafuta, je, yuko wapi? Na je, Mihayo alitoka au hakutoka? Mtukufu alisema amefurahi sana, hajui kabisa itakwendaje. Kwa hiyo mwisho ukawa haujulikani tena, na sheria ikarudi ilivyokuwa. Kwa usalama zaidi migomba yote ya Bibi Nyamizi ilikatwa, ikapakiwa kwenye malori, ikapelekwa kupamba uwanja wa kupigia picha. Mvua ikanyesha. Kabula aliisikiliza kutoka mkekani, ikianguka kwenye shamba ambalo halikulimwa.

Mvua ilipopumua kidogo, mwanamke mmoja akaja kwa miguu kutoka njia kuu, viatu mkononi. Alikuwa na masikio makubwa kidogo, yaliyosimama. Bibi Nyamizi alimtambua kabla hajasema.

Alisema yeye ni mama Elipidi. Alikwenda wizarani, hakupata jibu, walimpa pole na kumpiga picha, na wakamwonya asilie vibaya hadi msimu uishe. Hakuja kuomba kitu. Alitaka tu kuona mahali alipoonekana mara ya mwisho.

Bibi Nyamizi akasogea kwenye mkeka, na Kabula akasogea, nafasi ikapatikana.

"Kaa, dada."

Mgeni akakaa. Wakasikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Yapo mengi waliyotaka kusema, na karibu yote yalikuwa yanafichua mwisho.

"Alikula?" akauliza mama Elipidi.

Kula hakukutajwa kwenye kifungu chochote. Bibi Nyamizi akamgeukia vizuri.

"Alikula, dada. Alikula ugali na mlenda, na mlenda ulikuwa mzito, niliutia karanga. Alianzia pembeni ya sahani, akaja akaingia kati."

"Ndivyo anavyokula. Tangu mdogo."

"Akamaliza, nikamwongeza. Sikumuuliza, nilimwona tu nikamwongeza."

"Akamaliza na huo?"

"Akamaliza na huo," alisema Bibi Nyamizi. "Akakwangua na ukoko."